Laki tano na nusu ya deksitopu ya gemu: 7010 nyembamba au 9020 kubwa?

mbagala_gemu
Wakuu, nina laki tano na nusu, skrini ninayo. Kariakoo nimeonyeshwa mbili used, bei zinakaribiana: Dell OptiPlex 7010 ile nyembamba, i7-3770, na OptiPlex 9020 kasha kubwa, i5-4590. Nataka GTA V na eFootball, kadi ya grafiksi nitaongeza baadaye. Muuzaji anasisitiza i7. Nichukue ipi?

fundi_ilala
9020, mkuu. Stika ya i7 isikuzuzue. 3770 ni ya 2012, haina AVX2 (seti ya maagizo ya prosesa), na gemu kadhaa mpya bila hiyo hazifunguki kabisa. 4590 inayo.

Ila kikubwa ni kasha. Ile nyembamba inapokea kadi za nusu kimo tu, na hizo kuzipata ni kazi. Kwenye kasha kubwa weka GTX 1050 Ti 4GB, au GTX 1650 isiyo na tundu la waya wa umeme. Zinakula wati 75 hivi, na sloti yenyewe inazitoa, hivyo pawa saplai ya kiwandani huigusi. Ukiuziwa kadi yenye tundu la pini 6 pamoja na kiadapta cha SATA (plagi ya umeme wa diski), kataa. Plagi ya SATA inahimili wati 54 kwenye volti 12. Kadi ikivuta 75, plastiki inaweza kuyeyuka.

RAM: DDR3 mbili za 8GB, zifanye kazi kwa jozi. Fimbo moja inaipunguzia prosesa kasi ya kusoma data. Na SSD, hata ya 240GB.

tabata_pc
Sawa kabisa, ila 9020 ina kero yake: pawa saplai inaingia kwenye mazabodi kwa plagi ya pini 8, siyo 24. Siku ukitaka kadi kubwa na pawa ya kawaida, utahitaji waya wa kugeuza 24 kwenda 8.

Kadi feki nazo zipo. 1050 Ti halisi haina VGA. Ukiona lile tundu la bluu, ni chipu ya zamani iliyobadilishiwa jina. Fungua GPU-Z, programu ya kusoma taarifa za kadi, hapohapo dukani, feki nyingi huandikiwa FAKE mbele ya jina.

mbagala_gemu
Nimewaelewa. Dukani nikague nini kingine? Na Windows 11 je?

fundi_ilala
Kizazi cha 4, yaani hiyo 4590, hakimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, na Windows 10 iliishiwa msaada 14 Oktoba 2025. Ukiweza kuongeza hela, tafuta OptiPlex 7060 kasha kubwa, i5-8500.

Kukagua: iwashe huku unabonyeza F2 uingie kwenye mipangilio yake (BIOS). Ikidai nenosiri, ni mashine ya ofisi iliyofungwa. Muuzaji achomoe jampa ya PSWD, kile kiplastiki cha kwenye mazabodi cha kufutia nenosiri, mbele yako. Saa ikionyesha mwaka wa ajabu, ni betri ndogo ya saa (CR2032) tu imeisha, hiyo isikutishe. Kisha ifungue ubavuni: ukiona kapasita (vile vikopo vidogo vya mazabodi) zenye vichwa vilivyovimba, iache hapohapo.