Baba alipata kiharusi, anaelewa lakini maneno hayatoki. Ninunue tableti?

Binti wa Kadutu
Habari zenu wandugu. Niko Bukavu. Baba alipigwa na AVC, yaani kiharusi, mwaka jana, upande wa kuume ukalala. Mguu umeanza kurudi, shukrani kwa kine (mtaalamu wa mazoezi ya viungo), ila maneno yamegoma. Alikuwa mshonaji, mtu wa kuongea, wateja walikuwa wanakaa kumsikiliza tu. Leo ukimuuliza chochote anajibu "kesho". Anataka maji, kesho. Anataka choo, kesho. Akiona hatujaelewa anapiga meza na machozi yanamtoka. Lakini redio ikipiga wimbo wa kanisa anauimba na maneno yote, kwa hiyo shangazi anasema anatufanyia makusudi. Inaniuma sana.

Muuza simu mmoja ameniambia kuna tableti inayosema badala ya mgonjwa, anataka dola 300. Nikope? Na tumsemeshe lugha gani? Nyumbani ni Mashi na Kiswahili, kwa kine ni Kifaransa.

Kine wa Ibanda
Pole sana dada. Shangazi aelezwe kwa heshima: mzee hafanyi makusudi. Hiyo ni afazia, yaani ubongo ulioumia unashindwa kupata maneno. Kiharusi kimeumiza upande wa kushoto wa ubongo, na kwa watu wengi lugha inakaa huko huko. Wimbo aliouzoea tangu utoto anautoa kama ulivyo, hatafuti neno moja moja, ndiyo maana umebaki. Mwaka 1861, Paris, daktari Paul Broca alieleza habari za mgonjwa ambaye kila alichoulizwa alijibu "tan". Alipofariki walikuta jeraha upande wa kushoto wa ubongo, sehemu ya mbele.

Tableti, usikope. Kile kifaa kinatamka kile mtu alichoandika au alichochagua. Kinamfaa sana yule mwenye maneno kichwani ila mdomo umekataa. Kwa baba yako neno lenyewe ndilo halipatikani, na mara nyingi afazia inagusa kusoma na kuandika pia.

Chukua simu yako, piga picha vitu vyake mwenyewe: kikombe chake, choo chenu, dawa zake, sura za wajukuu. Picha za intaneti za choo cha Ulaya hazitamwambia kitu. Zitoe pale wanapofanya fotokopi, zitiwe plastiki. Anza na chache, umwekee upande wa kushoto, maana wengine waliopooza kuume hata kuona huku kuume kumepungua. Na wewe mwenyewe uguse picha unapomsemesha! Familia nyingi zinampa mgonjwa kartoni ya picha halafu zinaendelea kuongea haraka haraka juu ya kichwa chake. Uliza jambo moja, nyamaza, mngoje. Msimfanyie mtihani wa "hii ni nini, sema".

"Ndiyo" yake msiiamini bure. Muulize kwanza mambo ambayo jibu unalijua: "Wewe ni mshonaji? Wewe ni padri?" Akitikisa kichwa sawasawa, hapo mna pa kuanzia.

Lugha: ile aliyokuwa anaitumia kila siku. Albert Pitres, daktari Mfaransa, aliandika mwaka 1895 kwamba lugha iliyozoeleka zaidi ndiyo mara nyingi inatangulia kurudi. Si kwa wote, kwa hiyo mwangalieni anaitika upesi kwa ipi.

Mdogo wake, Goma
Kwetu ilikuwa kinyume. Kaka yangu ana ugonjwa wa Charcot, misuli inaisha, akili iko safi. Tulimwandikia herufi kwenye kartoni: napitisha kidole, akifunga macho hapo ndipo. Mpango wa A, B, C ulituchelewesha, tukatanguliza A na I kwa sababu Kiswahili kinazitumia mno. Jambo la kwanza alilotuandikia ni pesa ya masomo ya mtoto wake. Tulikuwa tunamficha, tukidhani tunampumzisha. Sasa ana programu ya kusema kwenye simu, lakini umeme ukikatika tunarudi kwenye kartoni.

Binti wa Kadutu
Merci sana wote. Picha nimeanza, na kwa Mashi kichwa anakitikisa vizuri. Swali moja: usiku analia, sijui anaumwa wapi.

Kine wa Ibanda
Chora mtu, mbele na nyuma, aguse mahali. Anza kwa kuuliza bega la kuume, baada ya kiharusi linauma mara nyingi. Na mnapomwinua kitandani msimvute kwa mkono huo.