Wakuu, napigaje picha za wanyama zuu bila waya na kioo kuniharibia?

Lenzi_Moja: Habari zenu wakuu, naombeni ushauri maana hii kitu inanichosha sasa. Nina kamera ya kubadilisha lenzi, lenzi yenyewe ni 70-300mm ile ya f/4-5.6, lakini nikienda bustani ya wanyama picha zinatoka majanga matupu. Chui kajilaza vizuri kabisa, ukija kuangalia picha waya ndo umetoka vizuri chui mwenyewe ukungu. Kwenye vioo ndo usiseme, chatu haonekani naonekana mimi na tisheti yangu, nikiwasha flashi ndo inaongeza doa jeupe katikati. Afu sokwe wanatoka wa kijivu wamepauka utadhani wamejipaka vumbi. Sasa shida ni lenzi, ni mimi au ni hayo mabanda? Lenzi nyingine kwa sasa sinunui, msinipeleke huko.

Kimya_Kingi: Lenzi haina tatizo mkuu. Tatizo ni umbali. Waya unapotea pale ambapo lenzi iko karibu nao sana na mnyama yuko mbali nao, basi, hiyo ndo siri yote. Sogea mpaka lenzi ikaribie kugusa wavu (kama panaruhusiwa, kile kizuizi cha nje usikiruke hata iweje), zumu mpaka 300, f (upana wa tundu la lenzi) iache 5.6 maana ndo namba ndogo unayopata hapo, namba ikiwa ndogo tundu linakuwa pana na waya unafifia, halafu subiri. Chui akijiegemeza kwenye wavu hakuna ujanja, waya utatoka tu hata uwe na lenzi ya bei gani. Akirudi nyuma ndo unabonyeza. Kingine watu hawakisemi, angalia jua linapiga wapi. Waya unaong'aa hata usipoonekana wenyewe unaacha utando mweupe picha nzima, kwahiyo zunguka utafute upande ambao waya uko kivulini, au uzibe jua kwa kofia pale pale mbele ya lenzi.

Mjomba_Shata: Hapo sawa ila umesahau fokasi. Kamera ukiiachia ichague yenyewe mara nyingi inadaka kilicho karibu, na kilicho karibu ni waya. Weka nukta moja tu ya fokasi, ipitishe kwenye tundu la wavu, lenga jicho. Ikiendelea kugoma zungusha pete ya fokasi ya lenzi kwa mkono.

Bibie_Picha: Kwa mkono mi nakataa kidogo mjomba, kwa mnyama aliyelala sawa, ila tumbili anayeruka ruka ukianza kuzungusha zungusha keshaondoka. Kwa hao bora nukta moja na fokasi ya kufuatilia, shata (muda wa kupokea mwanga) sekunde 1/500 au haraka zaidi, ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) iache ipande, chenga kidogo (vile vidoti vidoti) sio tatizo kubwa kama picha iliyotikisika.

Kuhusu kioo: flashi zima kabisa. Inakurudia mwenyewe na pia inawasumbua wanyama, hasa wale wa usiku kama komba na bundi, macho yao yanakusanya mwanga kweli kweli. Futa kioo upande wako kwa kitambaa, bandika mdomo wa lenzi kwenye kioo, kama una ule mpira laini wa mbele tumia huo usije ukakwaruza. Piga ukiwa umenyooka nacho, vile vioo vinene ukipiga kimshazari mnyama anatoka kama yuko ndani ya maji. Na vaa nguo nyeusi, tisheti nyeupe ndo inayokuja kwenye picha.

Lenzi_Moja: Hahaha tisheti ilikuwa nyeupe kweli. Na sokwe je?

Mjomba_Shata: Kamera inataka kila kitu kiwe na mwanga wa wastani, ikiona mwili mweusi umejaa picha inadhani ni giza inaongeza mwanga, ndo hiyo kijivu yako. Shusha kile kipimo cha +/- cha kuongeza au kupunguza mwanga mpaka kwenye -1 hivi, uangalie, urekebishe. Dubu mweupe ni kinyume, unapandisha.

Nyikani_Tu: Zuu za nini, nendeni porini mkapige picha za ukweli

Bibie_Picha: @Nyikani_Tu sio kila mtu ana hiyo nafasi ndugu, acha watu wajifunze.

Msafiri_wa_Simu: Na sisi wa simu mnatusaidiaje?

Kimya_Kingi: Simu mbona mna bahati, kijicho chake kidogo kinapita kwenye tundu la wavu ambalo lenzi yetu haipiti. Ibandike hapo, au ibandike bapa kwenye kioo. Tumia ile lenzi ya 2x au 3x kama simu inayo, ile ya kuvuta kwa vidole inakata picha tu. Ile modi ya kufifisha nyuma achana nayo palipo na waya, inachanganyikiwa. Na nendeni asubuhi wakifungua, au muulize mhudumu saa za kulisha, simba anaweza kupumzika hata saa 20 kwa siku, mkienda mchana kwenye joto mtapiga picha za mgongo.

Lenzi_Moja: Asanteni sana wakuu. La mwisho, tripodi (stendi ya miguu mitatu) nibebe?

Mjomba_Shata: Uliza getini kwanza, sehemu nyingine hawataki maana inaziba njia. Mi nabeba ile ya mguu mmoja.