Grupu letu la mtaro: tusajili kikundi au tubaki vuguvugu? Naombeni ushauri

Wakuu, habari za mchana.

Huku Kigogo tuna grupu la WhatsApp lililoanza na malalamiko ya mtaro unaofurika kila masika. Sasa limejaa watu wa Mburahati mpaka Tandale, mada ni taka, bomoabomoa, kodi ya nyumba. Mwenzetu mmoja anataka katiba na viongozi, tuwe kikundi cha shinikizo. Mwingine anasema sisi ni vuguvugu la kijamii, tukisajili tumekwisha. Mimi ndiye admini, navutwa shati huku na huku. Tofauti ni ipi hasa?

Mzee wa Mzizima:
Mkuu, mnambana nani? Kikundi cha shinikizo kina wanachama wanaojulikana na dai linaloshikika. Hakigombei madaraka, kinamtaka mwenye madaraka afanye jambo fulani. Vuguvugu halina daftari la wanachama. Linataka jamii nzima ibadili mtazamo, na linaweza kuchukua kizazi kizima. Mtaro una mhandisi, una bajeti, una diwani. Vuguvugu la nini hapo?

Mama Swaumu:
Sawa, ila msivitenge kama maji na mafuta. TAMWA ni chama, kilianzishwa 1987 na wanahabari wanawake. Wao na wenzao walikomaa mpaka ikapatikana sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998. Lakini harakati za wanawake nchini ni pana kuliko TAMWA. Miaka ya 1950 Bibi Titi alikuwa akiwaingiza TANU, chama kilichodai uhuru, akina mama wa vikundi vya ngoma hapa hapa Dar. Marekani vilevile: NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi cha tangu 1909, kilishinda kesi ya ubaguzi mashuleni 1954. Waliogomea mabasi ya kibaguzi mjini Montgomery mwaka uliofuata hakuna aliyewadai kadi.

Kijana wa Msimbazi:
Kumbukeni Kariakoo, Mei 2023. Maduka yalifungwa, Waziri Mkuu akaja kuwasikiliza wafanyabiashara Mnazi Mmoja. Walitaja kamatakamata ya kodi. Wangesema "maisha magumu" tu, wangejibiwa nini?

Mleta mada:
Nimewaelewa. Sasa wa Tandale niwatoe?

Mzee wa Mzizima:
Usimtoe mtu! Grupu liacheni lipige kelele zake. Pembeni tafuta wachache wa mtaa wenu wasiochoka vikao, muandike barua ya mtaro peke yake kwa mkurugenzi wa manispaa, nakala kwa diwani na mtendaji wa kata. Ambatanisha picha zenye tarehe, na futikamba ionekane kwenye alama ya maji ukutani. Hakikisha nakala yako inagongwa muhuri wa mapokezi.