Hedifoni za kufuta kelele kwa ofisi na simu: Sony, Bose, Jabra au Soundcore?

Neema_Ubungo
Wadau, salaam. Naomba tulinganishe kabla sijatoa hela. Nafanya kazi ya huduma kwa wateja, ofisi haina kuta, tumejaa chumba kimoja, AC inanguruma juu ya kichwa, na umeme ukikatika jenereta la jirani linatetemesha mpaka vioo. Nusu ya siku niko kwenye simu za Teams na Zoom, nusu iliyobaki naandika ripoti. Natumia laptopu ya Windows na simu ya Android.

Nimechuja, zimebaki nne: Sony WH-1000XM5, Bose QuietComfort Ultra, Jabra Evolve2 65 na Soundcore Life Q30. Mbili za kwanza kila mtu anazisifia kwa kufuta kelele. Jabra ina maiki ya mkono, yaani iliyo kwenye kijiti kinachokuja mdomoni. Soundcore bei yake ndiyo ya chini. Ofisi haichangii hata shilingi, natoa mfukoni. Mngekuwa ninyi mngechukua ipi, na kwa nini?

Fundi_Sauti
Karibu dada Neema. Kabla ya majina, tutenganishe vitu viwili ambavyo madukani vinauzwa kama kimoja. Kufuta kelele, ile ANC iliyoandikwa kwenye boksi, ni kwa ajili ya masikio yako wewe. Mteja aliye upande wa pili haimsaidii chochote. Yeye anasikia kile ambacho maiki yako inaokota. Wewe unaweza kuwa umetulia tuli, huku yeye anasikia jenereta, jirani yako wa meza na mlango unavyobamizwa.

ANC inafanyaje kazi? Maiki ndogo za nje na ndani ya kikombe kinachokaa sikioni zinasikiliza kelele, halafu saketi inatoa wimbi lililo kinyume chake, yakikutana yanafutana. Wazo hili si la jana. Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza yake Marekani mwaka 1936, na Bose wakatoa hedifoni za marubani mwaka 1989. Kuanza na marubani kulikuwa na sababu: injini ya ndege inatoa mngurumo mzito usiobadilika. Wimbi la Hz 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, lina urefu wa zaidi ya mita 3, kwa hiyo saketi inapata nafasi ya kulifuata. Ukifika Hz 4,000 wimbi halifiki hata sentimita 9. Saketi ikichelewa kidogo tu, au hedifoni ikisogea kichwani, mawimbi hayaoani tena. Ndiyo maana jenereta na AC vitapungua sana, lakini mwenzako akicheka meza ya pili bado utamsikia kwa mbali. Sauti hizo za juu zinazuiwa zaidi na spongi inavyoziba sikio.

Sasa maiki. Kwenye Sony na Bose maiki zimekaa kwenye vikombe, tuseme sentimita 12 kutoka mdomoni. Maiki ya mkono inakaa kama sentimita 3. Kila ukipunguza umbali kwa nusu, sauti yako inaongezeka desibeli 6 (kipimo cha ukubwa wa sauti) huku kelele ya chumba ikibaki pale pale. Kutoka 12 mpaka 3 umepunguza kwa nusu mara mbili, hizo ni desibeli 12 kabla programu yoyote haijagusa kitu. XM5 ina maiki nane na hesabu nzuri sana za kusafisha sauti, lakini hesabu zinasafisha kilichoingia. Maiki ya mkono inaingiza kilicho safi tangu mwanzo.

Kwa kazi uliyoieleza, mimi nasimama na Jabra.

Mhasibu_Arusha
Mkuu Fundi, umeeleza vizuri ila naomba nimtetee Sony. Dada amesema nusu ya siku anaandika. Evolve2 65 haina ANC kabisa, na vikombe vyake vinakaa juu ya sikio, havilizunguki. Jenereta likiwaka ataandika ripoti gani?

Natumia XM5 kwa hesabu za mwisho wa mwezi na inanipa utulivu ambao ofisi yetu haijawahi kunipa. Betri ni saa 30 ANC ikiwa imewashwa, uzito gramu 250, na inaunganishwa na vifaa viwili kwa wakati mmoja, laptopu na simu. Simu zangu ni chache na hakuna aliyelalamika.

Mambo mawili kwa atakayeinunua. Zima Speak-to-Chat. Ni ile inayosimamisha muziki kila ukifungua mdomo, na ofisini ukisema "asante" kwa mtu wa chai tayari imekata. Pili, haikunjiki kama XM4 iliyotangulia, inalala bapa tu, kwa hiyo boksi lake linakula nafasi kwenye begi. Sony waliirudisha mikunjo kwenye XM6 ya mwaka 2025.

Zamu_ya_Usiku
Habari zenu, mimi niko Nairobi, kituo cha simu, wateja wetu wako Marekani kwa hiyo tunaingia kazini watu wakielekea kulala. Neema, fikiria saa ya sita ya zamu, wala si dakika ya kumi ya dukani. Chenye nilichojifunza kwa hii kazi ni kwamba mteja akikwambia "rudia, sijakusikia" mara tatu, hiyo simu imeharibika hata kama jibu lako ni sahihi. Wasimamizi wanasikiliza rekodi. Hakuna anayeangalia wewe ulikuwa umetulia kiasi gani.

Maiki ya mkono pia ina raha nyingine: ukiinua mkono huo juu, maiki inazimika. Hutafuti kitufe kwenye skrini. Na hizi za kiofisi zina taa ndogo nyekundu inayowaka ukiwa kwa simu, watu wanaacha kukugonga bega. Mtu ambaye hajafanya kazi ya simu anaona hiyo taa ni urembo. Kwetu ndiyo inatulinda.

Lakini Mhasibu ako na hoja. Neema si lazima achague kati ya maiki na utulivu. Kuna zenye zote mbili: Jabra Evolve2 75 na 85, ama Poly Voyager Focus 2. Zote zina mkono na ANC. Bei inapanda, hilo ni kweli, hasa kwa 85.

Neema_Ubungo
Asanteni sana, nimeanza kuona mwanga. Swali. Dada mmoja ofisini ana hedifoni ya bei kubwa, muziki unatoka vizuri mno, lakini akiingia tu Teams sauti inageuka nyembamba kama simu ya mezani ya zamani. Analaumu intaneti. Ni intaneti kweli?

Fundi_Sauti
Intaneti haihusiki, dada. Hiyo ni Bluetooth yenyewe, na inawapata watu wa kampuni zote.

Ukisikiliza muziki, Bluetooth inatumia njia inayoitwa A2DP: sauti nzuri, kushoto na kulia, lakini inakwenda upande mmoja tu. Maiki haina nafasi humo. Programu ya mkutano ikiomba maiki ya hedifoni, kompyuta inahamia njia nyingine, HFP, ambayo inabeba sauti kwenda na kurudi. Ili zote zienee, inabana. Mfumo wake wa zamani unachukua sampuli, yaani vipimo vya sauti, 8,000 kwa sekunde, ulioboreshwa 16,000, wakati muziki unatembea kwenye 44,100 au zaidi. Na unapoteza kushoto na kulia.

Tiba ya bure: kwenye mipangilio ya Teams, acha spika iwe hedifoni, ila maiki chagua ya laptopu. Hedifoni itabaki kwenye njia nzuri. Kwa mtu aliye chumbani peke yake inafaa kabisa. Kwenye chumba chako haitafaa, kwa sababu maiki ya laptopu iko mbali na mdomo na inaokota kila kitu.

Tiba ya pili ni adapta ndogo ya USB inayokuja na hedifoni za kiofisi. Kompyuta inaiona kama kifaa cha sauti cha USB, na adapta ndiyo inayoongea na hedifoni. Sauti ya simu haigeuki ya muziki, usitegemee hivyo, lakini inashika vizuri na Windows haihangaiki kubadili njia katikati ya kikao. Ukinunua Jabra, hakikisha adapta imo kwenye boksi. Wapo wanaouza bila adapta kwa bei karibu ile ile.

Siku za mbele kuna LE Audio, njia mpya ya sauti ya Bluetooth yenye mfumo wa LC3, ambayo inaondoa mbano huu kwa kiasi kikubwa. Lazima hedifoni na kompyuta zote mbili ziwe nayo. Laptopu nyingi za ofisi zetu bado.

Mtu_wa_Waya
Naomba kuuliza, kwa nini hakuna aliyetaja waya? Hedseti ya USB yenye maiki ya mkono bei yake ni sehemu ndogo ya Sony. Hakuna chaji, hakuna Bluetooth, hakuna njia za kuhamahama. Sauti kwenda na kurudi inatoka safi muda wote. Neema anakaa mezani, laptopu iko mbele yake. Hela inayobaki aweke kwingine. Naomba mlifikirie kwa uzito, maana kijana anayeanza kazi akisoma uzi huu atadhani bila mamia ya maelfu hawezi kufanya kazi ya simu. Anaweza.

Zamu_ya_Usiku
Nakubaliana na Mtu wa Waya. Kituoni kwetu wengi wako na za waya na wanafanya kazi safi. Shida ni pale unatakiwa kusimama kutafuta faili ama kumuuliza msimamizi kitu simu ikiwa wazi.

Salma_Tanga
Mimi natumia Soundcore Q30, nafanya tafsiri nyumbani. Betri saa 40 ANC ikiwa imewashwa na kweli inakaa, nasahau hata chaja iko wapi. Kelele ya feni inaisha. Ila kwa simu dada Neema sikushauri. Nikiongea dirisha likiwa wazi na bodaboda ipite, ninayeongea naye anaijua bodaboda hiyo. Kwa kusoma, kuandika na kusikiliza, kwa bei yake, naipenda kwa moyo wote.

Na jambo ambalo hamjaligusa: joto. Huku pwani hedifoni inayofunika sikio zima unatoka jasho. Ngozi bandia ya spongi inachunika baada ya muda. Kabla ya kununua uliza kama spongi zake zinapatikana peke yake, maana ndizo zitakazoanza kufa. Za Sony na Bose zinapatikana, hata zisizo halisi. Vikombe vidogo vinavyokaa juu ya sikio vinapitisha hewa zaidi, ila baadhi yetu vinatuuma tukivaa miwani.

Kariakoo_Kila_Siku
Tahadhari ya soko. Sony na Bose ndizo zinazoigizwa zaidi, Kariakoo na hata Luthuli huko Nairobi. Boksi linafanana, nembo inafanana. Ndugu yangu aliuziwa moja kwenye duka ambalo sitalitaja, kitufe cha ANC kilikuwa kinabofyeka lakini hakibadilishi chochote. Pakua programu ya kampuni kwenye simu yako ukiwa bado dukani, iunganishe. Isipoitambua, rudisha. Simama karibu na feni au jenereta, washa na zima ANC. Halisi, tofauti unaisikia papo hapo. Na XM5 ikiuzwa kwa bei ya Q30, hakuna muujiza hapo.

Nesi_Mwanza
Kuhusu masikio yenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 za wiki. Wiki ya kazi ndiyo saa 40. Hapo ndipo ANC ina thamani hata kwa mtu wa simu: mngurumo ukipungua, hupandishi sauti ya mteja kushindana na jenereta. Kwa hiyo Neema, ukiweza, usiiache ANC kabisa. Wachache wanahisi kama masikio yamezibwa wakiiwasha, jaribu kwanza uone mwili wako unasemaje.

Neema_Ubungo
Dada Nesi, umenimalizia ubishi. Sony na Bose naziweka pembeni, si kwa ubaya wao. Naangalia Evolve2 75 au Voyager Focus 2, yenye adapta. Nikikosa hela, waya. Jumamosi naenda dukani. Najaribuje maiki pale pale?

Fundi_Sauti
Beba laptopu yako, usitegemee simu ya muuzaji. Fungua programu ya kurekodi sauti ya Windows, chagua maiki ya hedifoni, soma aya moja huku mlango wa duka uko wazi na barabara inapiga kelele. Vaa unachokivaa kazini, miwani, hijabu, chochote, maana kinabadilisha jinsi spongi inavyoziba. Kisha piga Teams kwa mtu aliye nyumbani, wewe ukiwa umesimama kando ya jenereta la duka, na umwombe akuandikie namba kumi utakazomsomea. Zikifika zote sahihi, lipa.

Zamu_ya_Usiku
Nipigie mimi Neema, Jumamosi mchana niko macho. Nitumie ujumbe wa ndani.