Mjadala: Dorothea na Casaubon, nani wa kulaumiwa?

Wakuu, nimesoma hoja zenu kuhusu Middlemarch, riwaya ya George Eliot (jina lake halisi Mary Ann Evans, 1819–1880). Wengi mnasema Dorothea, msichana wa riwaya hiyo, alidanganywa na kizee katili, mumewe Casaubon, yakaishia hapo. Mimi napinga.

Alidanganywa na nani? Binti hajatimiza miaka 20, anaposwa na Casaubon, kasisi aliyevuka 45. Mdogo wake, Celia, anamwambia waziwazi: husikii anavyokwaruza kijiko akinywa supu? Huoni anavyopepesa macho kabla ya kusema? Dorothea anaona uchungu. Yeye anamwona mwanazuoni anayeandika kitabu cha kufumbua hadithi zote za kale za dunia. Mwanazuoni huyo alimtunga mwenyewe, kwa kiu ya elimu, maana msichana wa Uingereza wakati ule hakuwa na chuo kikuu cha kumpokea. Kuolewa na msomi ndio mlango aliouona. Casaubon naye alitaka mke wa kumstahi bila kumhoji. Kila mmoja alimvika mwenzake sura aliyoihitaji, na fungate yao ya Roma ikamkuta bibi harusi analia peke yake chumbani.

Sasa fungueni sura ya 29. Msimulizi anaanza habari za Dorothea, mara anajikatiza: kwa nini kila mara Dorothea? Anamgeukia mume. Tunamwona mtu anayejua moyoni kwamba kitabu chake hakitakwisha, anayeogopa kudharauliwa na wasomi wenzake, na sasa ana mke kijana anayeyaona hayo kwa karibu. Kila nikifika hapo moyo unanilegea. Nilikuwa nimeshamchukia tayari, na Eliot alilijua hilo.

Ila huruma yangu ina mpaka. Casaubon aliongeza kifungu kwenye wosia: Dorothea akiolewa na Will Ladislaw, kijana wa ukoo wa Casaubon, anapoteza mali yote aliyoachiwa. Hapo simtetei hata kidogo. Mjane ambaye hakuwa amefanya lolote aliachiwa fedheha mbele ya ukoo mzima, na aliyemfedhehesha yuko kaburini, hawezi kuulizwa.

Kuna aliyeandika kwamba Eliot aliishi na mume wa mtu, atatufundisha nini kuhusu mapenzi? Ndugu yangu, aliishi na George Henry Lewes tangu 1854 mpaka Lewes alipofariki 1878. Mke wa Lewes alikuwa amezaa na mwanamume mwingine, na bado sheria haikumpa Lewes talaka. Kaka yake Eliot, Isaac, alikata mawasiliano naye miaka zaidi ya 20, hadi Eliot alipofunga ndoa ya kisheria na mtu mwingine mwaka 1880, miezi michache kabla ya kufa. Mwanamke aliyelipa gharama hiyo, mimi namsikiliza.

Wanaomtupia Casaubon lawama zote wanijibu hili: Celia alikiona kijiko na akasema. Ungekuwa wewe ndiye Celia, ungefanya nini zaidi?