Kipa wa kriketi: mikono au bati? Orodha inatakiwa Ijumaa

Kocha_Nyegezi: Wakuu, habari za jioni. Nafasi ya kipa, yule anayedaka nyuma ya mpigaji, inanisumbua. Wa kwanza ana mikono safi, mpira ukiingia kwenye glavu hata hausikiki, lakini mpe bati, mikimbio kumi ni kazi. Wa pili anafungua upigaji, thelathini anakupa, ila mipira ya upande wa miguu ya mpigaji inampita. Nimpange nani?

SpinaWaIgoma: Mkuu, umeacha yote ya maana. Mechi ya ova ngapi, yaani awamu ngapi za mipira sita? Nyasi au zulia juu ya saruji? Warushaji wako ni wa kasi au wa spini, mpira unaogeuka ukitua? Na huyo wa pili akivuliwa glavu, bado anapata namba kama mpigaji?

DagaaXI: Bati. Adam Gilchrist, kipa wa Australia, alishamaliza huu mjadala: Test (mechi za kimataifa za siku tano) 96, wastani wa mikimbio 47.60, senchuri (mikimbio mia) 17, na mara nyingi aliingia kupiga namba saba.

MwambaBismarck: Kaka, huyo Gilchrist aliwatoa watu 416 akiwa na glavu, 37 kati yao kwa kuwastampu, yaani kuangusha vijiti vya nyuma ya mpigaji (stampu) akiwa ametoka nje ya mstari wake, na muda mrefu alikuwa akidakia spini ya Shane Warne. Alikuwa na mikono kwanza. Halafu glavu zinakula bati: Kumar Sangakkara kwenye Test alikuwa na wastani wa kama 40 akiwa kipa, na zaidi ya 66 alipocheza bila glavu. Sri Lanka walimpa glavu Prasanna Jayawardene na wakafaidika pande zote mbili.

SpinaWaIgoma: Mfano mzuri zaidi ni Test ya Uingereza na Australia uwanja wa Edgbaston, Juni 2023. Uingereza walimwacha nje Ben Foakes, fundi wa glavu, wakampanga Jonny Bairstow kwa sababu ya bati. Akapiga 78, kila mtu akaridhika. Kisha Cameron Green wa Australia, akiwa bado na sifuri, akatoka mbele kuufuata mpira wa Moeen Ali, ukampita, Bairstow akashindwa kumstampu. Green akafika 38. Mwenzake Alex Carey akaponea akiwa na 26, mpira uliorushwa na Joe Root ukaponyoka kwenye glavu za Bairstow, akaishia 66, yaani 40 zaidi. Jumlisha: 38 na 40 ni 78, zile zile alizopiga. Australia wakashinda kwa wiketi mbili tu, yaani walibaki na wapigaji wawili wa kutolewa.

DagaaXI: Na kwenye uwanja wa kriketi wa Old Trafford, Bairstow huyo huyo akabaki 99 bila kutolewa. Mbona hilo hulisemi?

SpinaWaIgoma: Nalikubali. Lakini hizo 99 angeweza kuzipiga bila glavu.

Kocha_Nyegezi: Samahani wakuu. Ni ova 20, zulia, na spina ninao watatu. Wa pili anaweza kucheza bila glavu, ila itabidi nipunguze mrushaji mmoja.

Mwl_Nyakato: Kocha, spina watatu kwenye zulia ni jambo zito. Zulia linaushika mpira, unageuka sana na kuruka hadi kifuani, na kipa anatakiwa kusimama pale pale kwenye stampu. Alhamisi wapime wote wawili. Weka mpigaji wa mkono wa kulia azungushe bati bila kuugusa mpira. Rusha mipira 30: kumi nje upande wa kulia wa kipa, kumi kwenye stampu, kumi upande wa miguu. Hesabu aliyodaka safi na kuangusha beli, vile vijiti vidogo juu ya stampu, kwa mwendo mmoja.

Usihesabu tu, mtazame. Achuchumae uzito ukiwa kwenye nyayo za mbele, glavu zikikaribia kugusa chini, ainuke pamoja na mpira. Anayeinuka mapema, mpira wa chini unampita katikati ya miguu. Vidole visiuelekee mpira, hapo ndipo vinapovunjika. Kwa ile kumi ya miguuni, mpira unajificha nyuma ya mwili wa mpigaji: mguu wa kushoto utangulie, kichwa kifuate, mikono isivamie. Glavu zikitangulia mbele ya stampu kabla mpira haujagusa bati au mwili wa mpigaji wala kupita stampu, ni no-boli, mpira usio halali.

MwambaBismarck: Mwalimu kasema. Namba saba kwenye ova 20 huenda akapata mipira kumi tu, lakini kipa ana kazi kwenye mipira yote 120. Mimi namchukua wa kwanza.

DagaaXI: Na mkiwa na mikimbio 60 na wapigaji watano wameshatoka, hiyo mipira kumi ndiyo mechi.

Kocha_Nyegezi: Nitawapima. Ila wa kwanza analalamika vidole vinauma, glavu za ndani zimechakaa.

Mwl_Nyakato: Avae za pamba jozi mbili, azilowanishe kidogo kabla ya kuingia, zinakaa vizuri mkononi. Glavu za nje zikimpwaya, hata mikono mizuri itaangusha.

SpinaWaIgoma: Na misumari ya zulia ikaguliwe. Likikunjamana pale mpira unapotua, mpira mmoja utaruka kidevuni, unaofuata utatambaa chini. Hapo huwezi kumpima kipa yeyote. Nani ana nyundo?

Kocha_Nyegezi: Nyundo ipo. Saa kumi, mvua isipotuwahi.