Naombeni ushauri: nimeachiwa boksi la vigari vya zamani vya kusambazia bidhaa, niuze vyote kwa pamoja au nitunze?

Mama Zuu: Wakuu habari za jioni. Niko Leicester huku Uingereza mwaka wa sita. Jirani yetu mzee wa miaka 91 alifariki mwezi wa pili, enzi zake alikuwa dereva wa gari la mkate, na alipostaafu akawa anakusanya vile vigari vidogo vya chuma vya kuweka kabatini, ila yeye hakutaka vya kifahari, alichukua vya biashara tu, vya maziwa, vya mkate, vya majani ya chai, vya haradali, ubavuni vimeandikwa matangazo kama yalivyokuwa zamani. Nilikuwa nampelekea chai ya tangawizi tunakaa tunaviangalia. Juzi mkewe kaniita kanikabidhi boksi zima, vigari 43, kasema mume wangu alitaka uchukue wewe.

Mume wangu kapata mtu wa duka la vitu vya kale, anatoa paundi 60 kwa vyote. Mimi roho inasita, maana marehemu baba aliendesha Bedford ya kusambaza soda Tanga, likizo nilikuwa napanda naye mbele, chupa zinagongana nyuma njia nzima, kwahiyo hivi vitu nikivishika nasikia kitu. Hiyo bei ni ya haki? Na vumbi nasafishaje? Halafu kuna kimoja kimepasuka pasuka kama matope ya mtoni yakikauka, ubavu umevimba, nikikigusa chenga zinadondoka. Nataka nikigandishe kwa supagluu nikipake rangi upya, au nitupe tu?

Kijana wa Temeke: Dada usikubali hiyo 60, wazungu vitu vya kale wananunua kwa maelfu, weka mtandaoni kimoja kimoja utajenga nyumba Kigamboni

Fundi Mstaafu: Kijana utampa mwenzio tumaini la hasara. Mama Zuu, mimi nakusanya hivi vitu tangu nilipokuja huku kusoma, sikiliza. Vigari vingi vya namna hiyo ni Days Gone vya kampuni ya Lledo. Jack Odell alikuwa mmoja wa wabia wa Lesney, kampuni iliyotengeneza vigari vya Matchbox, Lesney ikafilisika 1982 naye akaanza upya, jina lake akaligeuza kinyumenyume ndo likawa Lledo. Walichofanya ni kuchukua umbo moja, mfano Ford Model T ya mizigo, halafu kila mara wanalivalisha tangazo jipya, leo chai kesho sabuni, na kampuni nyingine zikawa zinaagiza vya kujitangazia wao wenyewe. Vikatoka vingi mno. Na watu walivinunua wakavificha bila hata kufungua boksi wakisubiri bei ipande, sasa kila mtu anavyo na vyote ni vipya, bei itapanda kutokea wapi? Vingi vinaenda paundi chache tu kimoja. Kwahiyo hiyo 60 sio wizi KAMA vyote ni vya hivyo.

Usiuze kabla hujavigeuza kimoja kimoja ukasoma tumboni. Models of Yesteryear ni vya Matchbox, vilianza 1956, hivyo vya mwanzo vina wateja wake. Angalia pia kama kuna ambacho mtu alikibandika tangazo mwenyewe baada ya kutoka kiwandani, wakusanyaji wanaviita Code 3, thamani yake ni nyingine kabisa.

Vumbi tumia brashi laini ya poda, kavu. Usiloweke kwenye maji, yale maandishi ya zamani yanabanduka. Na usipange dirishani, jua linafubaza rangi hasa nyekundu.

Sasa hicho kilichopasuka, WEKA CHINI GUNDI. Vigari hivi ni zinki iliyochanganywa na alumini, magnesi na shaba, inayeyushwa inasukumwa kwenye kalibu kwa nguvu. Zamani ikiingia risasi (yale madini, lead) kidogo tu kwenye mchanganyiko, chuma kinaanza kuoza kutoka ndani, kinavimba, kinapasuka, na hakuna dawa. Unaweza kukichelewesha tu kwa kukiweka pakavu pasipo joto na baridi za ghafla. Hakiambukizi vingine usiogope. Ila ugonjwa huo ni wa vigari vya kabla ya vita ya pili hasa, ndo maana nauliza, tumboni kimeandikwaje?

Bint Chumbageni: Nimesoma hapo kwenye chupa nikamkumbuka babu 😢 usiuze vyote dada.

Mama Zuu: Nimekaa sakafuni saa nzima na tochi. 36 ni Lledo, 6 ni Matchbox, na hicho kibovu kimeandikwa Dinky Toys, matairi yake meupe ya raba

Fundi Mstaafu: Basi huenda hicho ulichotaka kutupa ndo kikongwe kuliko vyote. Dinky ni vigari vilivyotengenezwa Liverpool, na vigari vyao vya mizigo vyenye matangazo vya miaka ya 30 ndo vinavyotafutwa. Usikipake rangi, ukipaka umekimaliza. Piga picha pande zote na tumboni uwatumie watu wa mnada wa vitu vya kuchezea vya kale, wengi wanakutazamia bila kulipa. Watoto wasikichezee, rangi za wakati ule zina risasi. Na kwa maoni yangu mwambie bibi kwanza, pengine hajui alichokupa.

Mama Zuu: Nimetoka kwake sasa hivi. Nilikifunga kwenye karatasi laini nikamfungulia mezani, akakitambua hapo hapo. Mumewe alipewa na baba yake akiwa na miaka minne, alikilalia chini ya mto wa kitandani usiku wa mabomu. Alidhani kilishapotea. Nimemwachia, sikuweza kukibeba tena, na picha za mnada sijatuma.

Hivyo 6 vya Matchbox nabaki navyo na vitatu vya mkate, vilivyobaki huyo wa duka aje tupatane upya. Fundi, hivi Bedford kuna waliyoitengeneza?

Fundi Mstaafu: Ipo. Lledo hao hao, kwenye mfululizo wao wa Vanguards, walitoa Bedford S. Nipe wikiendi hii nikuangalizie sokoni.